Umurinzi wa Uani Kwetu, Gihosha

Jirani yetu wa Gihosha alifanya kazi kwenye bustani ya chuo kikuu, kule Mutanga Sud. Alikuwa mtu wa miche. Jioni alirudi na udongo kwenye kucha, na mara nyingi mkononi alishika mkebe wa nyanya uliojazwa mchanga, ndani yake kitu kimeanza kuchungulia. Watu wengine wa kartiye, mtaa wetu, walipanda parachichi na maembe, vitu vya kula. Yeye aliotesha miti ya porini ambayo hakuna mtu aliyemwomba.

Mimi nilikuwa fundi cherehani. Mume wangu alikuwa na gereji Buyenzi, mtaa tulikozaliwa sote wawili, na tulihamia huku juu kwa sababu tu tulipata kiwanja kidogo ukingoni mwa korongo. Waislamu hatukuwa wengi upande ule. Wiki yetu ya kwanza, mke wa jirani alivuka na sahani ya maharage na ndizi, akaniuliza kama tunakula chakula kilichopikwa na Mkristo. Nikamwambia alete na kesho. Tangu siku hiyo kulikuwa na pengo kwenye ua wa minyaa uliotenganisha viwanja vyetu, na hakuna aliyeliziba.

Mwaka mmoja kabla ya vita jirani alinipa mbegu sita nyekundu zenye doa jeusi. Nilizijua. Utotoni tulizitoboa tukazivaa shingoni kama shanga.

"Hizi ni za umurinzi," akasema. "Ule muti mudogo wa miiba, unatoa maua mekundu wakati wa kiangazi, majani yote yameanguka."

Akanionyesha namna ya kuzifanya. Mbegu unaisugua kwenye jiwe, upande usio na doa, mpaka ganda jekundu liishe na weupe uonekane. Kisha unailoweka kwenye maji ya moto mpaka asubuhi. Kisha mchanga, na jua. Alinionya watoto wasizitafune, ndani mna sumu.

Mume wangu hakupenda. Watu wa zamani waliuweka mti ule kwenye mambo yao ya mizimu, na yeye alilijua jambo hilo kama alivyolijua kila mtu mzima wa nchi hii. "Unaleta mashetani uani," akaniambia, na jirani alimsikia kutoka upande wa pili wa ua, akacheka.

"Mzee, mi naupanda kwa sababu ya ndege tu. Ngoja uone ndege wanavyoupenda."

Zikaota tatu. Mbili niliziua mwenyewe. Kila jioni nilizimwagia maji kwa huruma, mpaka shina likawa laini kama ndizi iliyoiva, likalala. Jirani aliziangalia akatikisa kichwa. Alisema mti huu umezoea ukame, nisiumwagie mpaka nimetia kidole kwenye mkebe na kukikuta kikavu mpaka kiungo cha pili. Ule wa tatu nikauacha. Ukaishi.

Vita ikaja. Mwaka wa kwanza tuliisikia zaidi milimani juu yetu kuliko tulivyoiona. Mwaka wa pili iliingia kwenye kartiye, nyumba kwa nyumba. Kulikuwa na vijana waliofunga njia kwa mawe na matairi, na siku wakiamua hakuna atakayepita, hakuna aliyepita. Jirani yetu alikuwa wa upande ambao huku kwetu ulikuwa unapungua. Familia moja ilihama, kisha nyingine. Yeye aliendelea kwenda kazini kwa miguu, kupitia Kigobe. Mkewe alimsihi mbele yetu abaki nyumbani. Akasema ni kiangazi, na asipokwenda, miche yote kule itakufa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Asubuhi, alipokwisha kuondoka, mawe yalianza kuanguka kwenye mabati ya nyumba yake. Mkewe alipita pengo la ua na mabinti wake wawili, akaingia kwangu. Nikafunga mlango. Tukakaa chini ya meza ya kukatia nguo, sisi wanne, tukisikiliza vitu vyao vinatolewa nje. Kabati. Masufuria. Mtu mmoja alikuwa anapiga mluzi.

Saa saba mchana nikasikia mume wangu anagonga. Alikuwa anasukuma mkokoteni, juu yake turubai la gereji. Kwenye barieri, kizuizi cha wale vijana, karibu na daraja dogo walimjua, kwa sababu aliwahi kuwatengenezea gari, wakamwambia, "Jirani yako amelala pale chini, ukimtaka mchukue." Walisema hivyo, kama mtu anayekuambia umesahau koti.

Tuliuingiza mkokoteni mpaka ndani ya chumba changu cha kushonea. Mke wa jirani alitazama viatu kwanza. Kisha akaweka kiganja chake juu ya mdomo wa binti mdogo, kwa upole, kabla mtoto hajapiga kelele.

Makaburini hatukuweza kufika, barieri zilikuwa nne au tano. Uani kwao walikuwa wamejaa waporaji. Mume wangu akatoka nyuma ya jiko, karibu na ukingo wa korongo, mahali nilipozoea kumwaga majivu, akaanza kuchimba. Ilikuwa mchana kweupe. Nilimwambia angoje, akanijibu kwamba mtu anayechimba mchana anachimba choo, anayechimba gizani anachimba kitu kingine.

Wakaja. Vijana watatu walisimama kwenye pengo la minyaa, mmoja amevaa shati la jirani, lile la Jumapili.

"Unachimba nini, mzee?"

"Choo. Kile cha zamani kimejaa."

"Leo?"

"Kimejaa leo."

Yule wa shati aliomba maji ya kunywa. Nikaingia ndani kuchota. Kutoka mtungini mpaka mlangoni ni hatua sita, na kushoto kwangu, chini ya vitambaa vya wateja nilivyoutupia mkokoteni, alikuwa mwenye shati. Mkewe alinitazama kutoka chini ya meza. Nilibeba kikombe kwa mikono miwili ili kisimwagike. Kijana alikunywa polepole, akanirudishia kikombe, akasema asante mama. Wakaondoka.

Tulimshusha jua lilipokuwa linaingia nyuma ya milima ya Kongo. Tulimfunga kwa blanketi la bluu la kitandani kwetu. Mkewe alisoma Baba Yetu kwa midomo tu, kwa Kirundi, bila sauti. Mume wangu alisimama ameinua viganja. Mimi nilishika mabega ya mabinti. Hakuna aliyelia, kwa sababu ukuta wa jirani wa pili ulikuwa karibu.

Asubuhi nilimvika mke wa jirani buibui langu, mabinti nikawafunga mitandio, na mume wangu akawapeleka mpakani kwa gari la mteja. Wakavuka kwenda Uvira, upande wa Kongo. Kwa muda mrefu hiyo ndiyo habari ya mwisho niliyokuwa nayo.

Nyuma ya jiko pakabaki mstatili wa udongo mpya. Mtu yeyote mwenye macho angejua urefu ule si wa choo. Siku ya tatu nikauchukua ule mche wa mwisho, nikauchana mkebe kwa mkasi wa bati, nikaupanda juu yake, upande wa kichwa. Pembeni nikatambaza matembele ili majani yafunike udongo. Sikufikiria heshima wala kumbukumbu. Nilifikiria macho ya watu.

Kiangazi kilichofuata majani yakaanguka yote. Nikadhani umekufa, nikashikwa na hofu ambayo sikuielewa, kama vile ningeulizwa. Nikakwaruza gome kwa ukucha. Chini yake kulikuwa kijani. Nikatia kidole udongoni mpaka kiungo cha pili, kikavu, nikamwagia nusu kikombe. Maji ya bomba yenyewe yalikuwa yanakatika wiki nzima, tulichota mbali na madumu, na mti ule ndio pekee uani ambao haukuniomba kitu. Mchicha ulikufa. Migomba ilipinda. Mvua ya kwanza ilipoanguka, ukachipua, miiba hata kwenye mishipa ya majani.

Nyumba ya jirani ikaingiwa na watu wengine. Hawakuniuliza kitu nami sikuwauliza. Pengo la minyaa nililiziba mwenyewe.

Mwaka wa nne wa vita mti ulikuwa umenipita urefu. Ndipo ikatoka amri kwamba ukingo wote wa korongo usafishwe, kila kitu kinachozidi goti kikatwe, kwa sababu waasi walikuwa wakishuka milimani wakijificha vichakani. Wanajeshi watano walipita kiwanja kwa kiwanja. Wanne walikuwa na nondo, wakizichoma ardhini kutafuta bunduki zilizofukiwa. Sajenti wao alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya chini. Mume wangu alikuwa Buyenzi. Nilikuwa peke yangu na nguo ya bibi harusi kwenye cherehani.

"Nani alipanda huu muti?"

"Mi, shefu."

"Kwa nini apa, mbali na nyumba?"

"Nilitaka maua."

Akautazama juu mpaka chini. "Maua iko wapi?"

Ulikuwa haujatoa hata moja.

Mwanajeshi mmoja akachoma nondo kwenye matembele. Ikazama bila kazi, mpaka kwenye mkono wake. Akaichomoa, akachoma hatua moja pembeni, ikagonga udongo mgumu. Akarudi pale pa kwanza.

"Shefu, apa ni laini."

Wote wakasimama. Sajenti akasema walete jembe.

"Musichimbe," nikasema. Sikuwa nimeipanga sentensi ile. "Iko mutu."

Mmoja akainua bunduki yake. Sajenti akanyoosha mkono, akawaambia warudi barabarani wangoje. Walipofika mbali akanisogelea.

"Mutu gani?"

"Kaka yangu."

"Alikufa na nini?"

"Njiani." Siku zile neno hilo lilitosha, hakuna aliyeuliza zaidi.

"Kwa nini hamukumupeleka makaburini?"

"Barieri zilikuwa zimefungwa."

Akatazama mtandio wangu, akatazama tasbihi ya mume wangu iliyoning'inia kwenye msumari wa mlango. "Jina lake?"

Nikamtajia jina la kaka yangu wa tumbo moja, ambaye saa ile alikuwa hai Buyenzi, anauza vipuri vya pikipiki. Nililitaja lote, na la baba yetu juu yake. Nikaomba Mungu sajenti asidai karatasi.

Alitazama chini. Kwa muda alikuwa anasugua buti lake kwenye jiwe, anatoa tope. Nilidhani ananichezea. Kisha akasema, "Weka mawe pembeni, watu wasikanyage." Nikaitikia. "Lakini muti ni murefu. Kata."

"Sasa hivi?"

"Mi nakuona."

Nikaleta panga la jikoni. Mbao yake ni laini, nyepesi, haikuhitaji nguvu. Mara tatu. Miiba iliingia mikononi, nikauburuta mpaka korongoni nikautupa, na sajenti akapima kisiki kwa goti lake, akatosheka, akaenda zake kwenye kiwanja kilichofuata. Nilirudi kwenye cherehani na kushona mkono wa nguo ya bibi harusi ndani nje. Nilijua baada ya saa nzima.

Nilipomwambia kaka yangu kwamba nimemzika Gihosha, alicheka mpaka akashika meza. Ijumaa iliyofuata alipanda mpaka kwetu akiwa na kanzu, akasimama mbele ya kisiki, akamwombea dua mtu ambaye hakuwahi kumwona.

Wiki mbili baadaye kisiki kilitoa vichipukizi vitatu. Nilivikata vilipofika kwenye goti. Vikatoka vingine. Kwa miaka miwili nilikuwa nautunza mti kwa kuukata, na kila nilipoukata shina lilizidi kunenepa, gome likawa nene na lenye nyufa, hata panga lililia tofauti. Wanajeshi walipohamisha kambi yao, nikauacha urefuke. Kiangazi cha mwaka wa nane, hauna jani hata moja, ukatoa maua kwenye ncha za matawi, mekundu, yamesimama juu kama vidole. Ndege chozi walikuja tangu alfajiri. Mume wangu alitoka na kikombe cha chai, akawatazama wale ndege wadogo wanagombana, akanitazama na mimi, akarudi ndani. Hakusema neno la mashetani tena.

Mimi ule wekundu haukunifurahisha. Ulionekana mpaka barabarani, na nilikuwa nimezoea kuficha.

Mwaka wa kumi na moja wa vita, watu walipoanza kurudi, dereva mmoja aliniletea salamu: mke wa jirani yuko hai, atakuja Jumamosi. Alikuja na shemeji yake, mtu mzima mwenye fimbo, na binti yake mkubwa ambaye sasa alikuwa mrefu kuliko mama. Tulikumbatiana mlangoni, na mikono yetu sote ilikuwa haijui iwekwe wapi. Alikuwa amekonda. Alinirudishia buibui langu, limefuliwa na kukunjwa.

Nikawapeleka nyuma. Mti ulikuwa umechanua. Alisimama mbali nao kidogo.

"Nani aliuweka juu yake?"

"Mi. Ni wake mwenyewe, zile mbegu alizonipa."

Akaitikia kwa kichwa, lakini hakusogea karibu.

Kwenye chai shemeji yake akatoa neno lililowaleta. Wamekuja kumchukua, wampeleke kwenye mlima wa wazazi wake, kijijini kwao, azikwe na padri, mbele ya watu wake.

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mizizi imeshaingia. Mukichimba, muti utakufa."

Mume wangu alinitazama kwa namna ya kunionya, nami sikuonyeka. "Amelala vizuri pale," nikasema. "Mi nimemuangalia miaka yote hii."

Mke wa jirani akaweka kikombe chini. "Dada, ulimuangalia. Mungu atakulipa, mi siwezi. Lakini mume wangu sikumuzika. Nilimuficha."

Nikaenda jikoni. Naandika ukweli: nilikuwa na hasira. Nilitaka kumuuliza alikuwa wapi siku ya zile nondo. Nilisimama mbele ya jiko lililozimika, nikajijibu mwenyewe alikuwa wapi: alikuwa kwenye hema Uvira na watoto wawili, amevaa buibui la mtu, na mumewe yuko chini ya matembele yangu bila hata kijiti cha jina. Nikaosha uso. Nikachukua panga nyuma ya mlango, nikarudi nikampa shemeji yake.

Walikuja tena wiki iliyofuata na karatasi ya kibali na sanduku la mbao. Mume wangu na shemeji walikata mti asubuhi, wakachimba kuzunguka kisiki, wakakitoa kwa kamba. Chini, mizizi ilikuwa imepita ndani ya blanketi kama uzi, imelishika. Shemeji alitaka kulivuta. Mke wa jirani akasema apana, akashuka shimoni, akapiga magoti.

"Una mikasi?"

Nilileta miwili, ile ya kazi. Nikashuka upande wa pili. Tulikata mzizi mmoja mmoja, ile myembamba kama nywele na ile minene kama kidole, tukiuondoa kwenye blanketi la bluu ambalo bado lilikuwa na bluu yake hapa na pale. Ilichukua zaidi ya saa moja. Jua lilitupiga mgongoni. Katikati akaniuliza, bila kuinua kichwa:

"Ulikuwa unamwagia maji?"

"Kidogo tu. Yeye alisema kidogo."

Akacheka, kisha kicheko kikageuka, na nikamwacha alie kwa sauti yote aliyotaka. Watu wa nyumba ya pili walitoka kutazama, na hakuna aliyemziba mdomo.

Sanduku lilipofungwa nilimwonyesha tawi nililokuwa nimeliweka pembeni. Nikamwambia mti huu unashika hata kwa fimbo, achomeke tu kule kaburini. Alilishika kidogo, akanirudishia.

"Apana, dada. Pale tutaweka jina."

Tulipanda mlimani pamoja, mimi na mume wangu nyuma ya pick-up na sanduku katikati yetu. Mimi peke yangu nilikuwa na buibui kati ya wale watu wote, na mama wa marehemu, kikongwe asiyeona vizuri, alinishika mkono tangu mwanzo wa misa mpaka mwisho akidhani ni mmoja wa wakwe zake. Sikumsahihisha. Padri alisoma jina lake kamili, mara tatu, kwa sauti kubwa, na watu wakaitikia. Kisha tulipewa maharage na bia ya ndizi kwa wanaokunywa, tukaondoka mapema ili tupite barieri kabla haijafungwa.

Shimo mume wangu alilijaza kesho yake. Mke wa jirani alibaki kwa wakwe zake, kwa sababu nyumba yake ya Gihosha ilikuwa bado na watu waliokataa kutoka. Akishuka mjini kufuatilia kesi yake alilala kwetu, kwenye kile chumba cha kushonea, na tuliongea habari za mabinti na za mvua, na mara nyingine, tukiwa wawili tu, habari za mumewe.